Dock Boggs wa 1927 au Dock Boggs wa 1963: uanze na yupi?

Mtu akiniuliza aanzie wapi kusikiliza banjo ya kale ya milima ya Appalachia, jina linalonitoka kwanza ni Dock Boggs. Akishalishika hilo jina, anakutana na swali la pili ambalo wengi hawaambiwi: Dock Boggs waliorekodiwa ni wawili. Wa kwanza ni mchimba makaa ya mawe wa miaka 29 aliyekwenda New York mwaka 1927 akaimba nyimbo nane, kisha akaongeza nne mwaka 1929. Wa pili ni mzee wa miaka 65, amekwisha kuachana na mgodi, aliyeanza kurekodiwa upya mwaka 1963. Baina yao kuna ukimya wa zaidi ya miaka thelathini. Kazi yote ya kijana unaimaliza kwa dakika arobaini hivi. Ya mzee imekusanywa kwenye diski mbili zenye rekodi 50.

Nimewaona watu wakiangukia kwa bahati mbaya ile isiyowafaa, wakasema huyu bwana hawamwelewi, wakaondoka. Inaniuma, maana mara nyingi walikosea mlango tu. Kwa hiyo nimeziweka hizi mbili pamoja ili uchague ukijua unachochagua.

Mtu mwenyewe

Jina lake kamili ni Moran Lee Boggs. Alizaliwa tarehe 7 Februari 1898 huko West Norton, kaunti ya Wise, kusini-magharibi mwa Virginia, akiwa kitindamimba wa watoto kumi. Alipewa jina la daktari wa mji, na baba yake ndiye aliyeanza kumwita "Dock", yaani Dokta. Likamganda.

Norton ya utoto wake ilikuwa inageuka mbele ya macho ya watu. Reli ilikwishafika, makampuni ya makaa ya mawe yakaingia, na watu wakaja kutafuta kazi kutoka kila upande, wakiwemo Wamarekani Weusi wengi. Dock alishuka mgodini akiwa na miaka 12. Akakaa kwenye kazi hiyo, kwa vipindi, miongo minne hivi.

Hapo kwenye reli na kambi za wachimbaji ndipo alipopata muziki wake. Nyumbani kwao watu walipiga banjo kwa mtindo wa mlimani, ule wa kushusha ukucha juu ya nyuzi. Lakini alipokuwa mdogo alifuata nyuma ya wanamuziki Weusi waliopita kandokando ya reli, na huko Dorchester, jirani tu na Norton, alimwona mpiga banjo Mweusi akidonoa nyuzi moja moja kwa vidole, akiupandisha wimbo badala ya kuucharaza. Akajiambia kwamba akijifunza banjo, atapiga hivyo. Na akafanya hivyo. Nyimbo nyingine alizipata kutoka kwenye santuri za blues za waimbaji wanawake Weusi. "Down South Blues" aliitoa huko.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu hudhani banjo ya milimani ni mali ya Wazungu peke yao tangu mwanzo. Chombo chenyewe kina asili ya Afrika Magharibi, na ndugu yake wa karibu, akonting ya Wajola wa Senegambia, bado kinapigwa hadi leo, na chenyewe kina uzi mfupi wa kidole gumba. Boggs mwenyewe, alipohojiwa uzeeni, hakuficha alichojifunza kwa nani.

Nyimbo kumi na mbili za ujanani

Mwanzoni mwa 1927 watu wa kampuni ya santuri ya Brunswick walifika Norton kusaka wanamuziki, wakafanya majaribio hotelini. Boggs alikwenda na banjo ya kuazima kutoka duka la vyombo vya muziki. Alichaguliwa. A. P. Carter, yule ambaye miezi michache baadaye angekuwa maarufu pamoja na jamaa zake wa Carter Family, alijaribiwa na hao hao na hawakumchukua.

Mwezi Machi akasafiri hadi New York. Nyimbo nane: "Sugar Baby", "Down South Blues", "Country Blues", "Sammie, Where Have You Been So Long", "Danville Girl", "Pretty Polly", "New Prisoner's Song" na "Hard Luck Blues". Katika baadhi yake Hub Mahaffey anampigia gita. Mwaka 1929 alikwenda Chicago kurekodi nyingine nne kwa ajili ya Lonesome Ace, lebo ndogo ya W. E. Myer, mfanyabiashara wa Richlands, Virginia. Kwenye karatasi ya santuri palichorwa ndege ya rubani Charles Lindbergh, na chini yake ahadi kwa mnunuzi kwamba ndani hamna yodeli, maana wakati huo kila mwimbaji alikuwa anamwiga Jimmie Rodgers kupindisha koo. Myer ndiye aliyeandika maneno ya "Old Rub Alcohol Blues", na gita hapo linapigwa na Emry Arthur.

Kisha uchumi ukaporomoka. Lonesome Ace ikafa. Watu wa milimani hawakuwa na hela ya unga, wangeipata wapi ya santuri? Mke wake, Sara, alikuwa mcha Mungu na hakuyapenda maisha yaliyoambatana na muziki huo: pombe, ugomvi, kulala nje. Boggs akaiweka banjo yake rehani kwa rafiki na kurudi chini ya ardhi. Alikaa bila hiyo banjo kama miaka ishirini na mitano.

Ukisikiliza zile kumi na mbili, unachokutana nacho kwanza ni haraka. Hana muda wa kukukaribisha. Banjo inaanza, na sauti ya puani, kali, imeshaingia na habari zake. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo kila ubeti unausukuma uliotangulia. Mkwaruzo wa sindano upo, hata kwenye nakala zilizosafishwa vizuri. Masikio yaliyozoea muziki wa studio za sasa yatahitaji siku mbili tatu.

Sauti ya mzee

Mwaka 1952 kampuni ya Folkways ilitoa mkusanyo wa Harry Smith wa nyimbo 84 za santuri za zamani, na ndani yake zilikuwemo mbili za Boggs, "Sugar Baby" na "Country Blues". Vijana wa mijini wakazisikia, wakamhesabu mwimbaji kuwa marehemu au hadithi. Mwezi Juni 1963 mwanamuziki Mike Seeger alifika Norton, akamkuta hai, amestaafu, na ile banjo ikiwa imerudi mikononi mwake muda si mrefu. Hapo hapo wakaanza kurekodi. Kabla ya kiangazi hicho kwisha, Boggs alikuwa amepanda jukwaani kwenye tamasha la muziki wa kiasili la Newport.

Folkways ikamtolea santuri tatu ndefu, pamoja na nyingine ya mahojiano matupu. Mwaka 1998 Smithsonian Folkways ilizikusanya zile za nyimbo kwenye diski mbili, rekodi 50 za kuanzia 1963 hadi 1968. Za ujanani zilikuwa zimeshakusanywa mwaka mmoja kabla, 1997, na kampuni ya Revenant, pamoja na matoleo mengine ya baadhi ya nyimbo hizo ambayo hayakuuzwa wakati ule.

Tofauti kubwa ni nafasi. Mzee hakimbizwi na santuri ya dakika tatu. Anaimba tenzi za kanisani, visa vya mauaji, nyimbo za wachimbaji, vipande vya banjo visivyo na maneno. Yumo "John Henry". Imo "Oh Death", ambamo mtu anaisihi mauti imwache mwaka mmoja zaidi; ukisikia mzee mwenye mapafu ya mgodini akiomba hivyo, huwezi kuendelea kuosha vyombo. Imo "Prayer of a Miner's Child", dua ya mtoto wa mchimbaji. Na imo "Wise County Jail", wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu mkasa wake wa ujanani na askari wa kwao.

Kitu kingine: mzee anasikika. Mikrofoni iko karibu, kila kidole unakitambua. Mara nyingi yuko peke yake na banjo.

"Country Blues" mara mbili

Huu ndio wimbo wa kuwapimia wote wawili. Jina lisikuchanganye, hauko katika muundo uliozoeleka wa blues, ule wa ubeti wenye vipimo (bars) kumi na viwili. Ni kisa cha mlevi mfujaji: alipokuwa na fedha, marafiki walijaa; zilipokwisha, hakuna aliyemjua; akaishia jela, na mwisho anaagiza azikweje. Boggs aliupokea kwa mtu aliyeuita kwa jina jingine, akaongeza beti zake na kuupa jina hilo.

Kwenye toleo la 1927 yuko peke yake. Nyuzi amezikaza kwa mpangilio usio wa kawaida: kuanzia uzi mfupi wa tano ni fa kali (F#), do, sol, la, re. Matokeo yake banjo haisemi waziwazi kama imefurahi au imehuzunika. Inaning'inia katikati. Sikiliza jinsi chombo kinavyotembea na sauti. Akipanda, banjo inapanda naye noti kwa noti. Akivuta neno, uzi unalia chini yake, na gumba linarudi kwenye ule uzi mfupi bila kuchoka kama mtu anayegonga mlango ule ule. Hamna kibwagizo cha kupumzikia. Kijana anauimba kama onyo alilopewa na hakulisikia.

Toleo la 1963 lina mwendo ule ule wa vidole, mkono haukusahau. Kilichobadilika ni uzito wa sauti. Imeshuka, imekwaruza, na mahali ambapo kijana alirusha neno, mzee analiweka chini taratibu. Beti za marafiki waliotoweka zinakuja tofauti kutoka kwa mtu aliyekwisha kuona kampuni ya santuri ikifa, kazi ikiondolewa na mashine, na banjo ikikaa nyumbani kwa mwingine robo karne.

Mimi nalipenda zaidi la 1927. Nakiri pia kwamba sikulielewa mpaka niliposikia la mzee. Nilikuwa nalisikiliza kama sauti ya ajabu kutoka mbali, nikawa nasifia ugeni wake. La mzee ndilo lililonionyesha kwamba ni mtu anazungumza na mimi, na niliporudi kwa kijana nikamkuta naye alikuwa anazungumza muda wote huo.

Jaribu vivyo hivyo na "Pretty Polly", kisa cha msichana anayeongozwa na mchumba wake msituni hadi kwenye kaburi alilolichimba usiku uliotangulia. Asili yake ni utungo wa Uingereza wa karne ya 18, na milimani waliukata mpaka ukabaki mifupa. Kwa huu, simpi mzee nafasi. Ubaridi wa kijana wa 1927, asiyeonyesha huruma wala hasira, ndio unaoutisha wimbo.

Kama unataka kupiga, siyo kusikiliza tu

Hapa sina shaka hata kidogo: nenda kwa mzee. Banjo ya 1927 imefunikwa na mkwaruzo, na utapoteza wiki ukibishana na masikio yako kama ile ilikuwa noti au vumbi. Kwenye rekodi za Folkways unasikia kidole cha shahada na cha kati vikidonoa kwenda juu, na gumba likishuka. Wengi wanaoanza banjo ya kale hufundishwa ule mtindo mwingine wa ukucha kushuka, ambao ni mzuri kwa dansi. Wa Boggs ni wa kufuatisha mdomo. Kwa hiyo jifunze kuimba wimbo kwanza, hata kwa kunong'ona, ndipo uzitafute noti. Ukianza na vidole utapata muziki mwingine kabisa.

Na uzi wa tano, ule mfupi, usiukaze kwa mazoea. Katika "Country Blues" unalegea nusu hatua chini ya sol iliyozoeleka. Ukiuacha juu, wimbo mzima unachangamka na kuharibika.

Ile santuri ya mahojiano nayo usiipuuze ikiwa Kiingereza chako kinamudu lafudhi ya mlimani. Anaeleza mwenyewe mgodi, pombe, mkewe, na wapigaji Weusi waliomfungua macho. Kwa anayetaka kuelewa maisha yake ni afadhali hiyo kuliko makala kumi, na hii yangu ikiwemo.

Ukiona Boggs ni mzito mno

Wapo watakaomwona hivyo, na si dhambi. Si kila jioni inafaa kaburi na jela. Basi wapo wengine wawili wa zama zake wa kuingilia nao, kisha urudi.

Uncle Dave Macon alizaliwa Tennessee mwaka 1870, akafanya kazi ya kusafirisha mizigo kwa magari ya nyumbu mpaka malori yalipomnyang'anya biashara. Alianza kurekodi mwaka 1924 akiwa amepita miaka hamsini, na akawa nyota ya kwanza ya Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville. Kofia, meno ya dhahabu, banjo ikizungushwa hewani bila wimbo kukatika. Rekodi zake ni zaidi ya 170. Sikiliza "Sail Away Ladies" au "Rock About My Saro Jane" za Mei 1927, akiwa na kundi lake la Fruit Jar Drinkers: watu wanapiga kelele, fidla inakimbia, unajikuta unagonga mguu. Umri wa rekodi hizo ni sawa na wa kijana Boggs, zimetofautiana kwa miezi miwili. Furaha yote iko upande ule.

Charlie Poole wa North Carolina, aliyezaliwa 1892, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Vidole vya mkono wake wa kulia vilipinda daima baada ya kudaka mpira wa besiboli kwa mkono mtupu, kwa sababu ya dau, na vile vilivyopinda ndivyo alivyopigia. Julai 1925 yeye na wenzake wawili walirekodi New York kwa dola 75, na "Don't Let Your Deal Go Down Blues" ikauza zaidi ya nakala 100,000. Alifariki Mei 1931, miaka 39, baada ya wiki nyingi za kunywa mfululizo. Banjo yake ni safi, fidla na gita vinapishana naye kama watu waliokaa nyumba moja. Ukiwa umezoea muziki wa bendi, anza na Poole. Utamwona Boggs baadaye ukiwa na masikio yaliyokwisha kukubali ule ukale.

Hata hivyo, hao wawili walikuwa watumbuizaji. Waliujua ukumbi. Boggs, kijana au mzee, anaimba kama mtu asiyejua kuna mwingine chumbani, na hilo sijalikuta kwa wengine wa kizazi chake.

Basi uanze na yupi

Ukiwa na dakika ishirini tu na bando dogo, mchukue kijana: "Country Blues", kisha "Sugar Baby", kisha "Pretty Polly", kwa mpangilio huo, kwa visikilizio vya masikioni na taa imezimwa. Zisipokushika mara ya kwanza, zirudie kesho yake kabla hujaamua.

Ukiwa mtu wa kukwazwa na mkwaruzo, au unajifunza chombo, au unapenda kumjua mwimbaji kabla hujaupenda wimbo, mchukue mzee. Usizimeze zote 50 kwa mkupuo, hazikutengenezwa kwa kusikilizwa hivyo, na tenzi zake zikifuatana tano zinachosha. Chagua "Oh Death", "Wise County Jail" na "Country Blues". Halafu mrudie kijana.

Ukiwa na fedha za diski moja tu, ningenunua ile ya ujanani, kwa kuwa ni ndogo, imekamilika, na hakuna wimbo wa kuruka. Anayenunua kwa ajili ya zawadi kwa mpiga gita au banjo, anunue ya uzeeni.

Boggs alifariki tarehe 7 Februari 1971, siku aliyotimiza miaka 73. Kwenye rekodi za uzeeni kuna kipande kiitwacho "Coke Oven March", banjo peke yake bila neno. Tanuri za makaa zilikuwa zimejaa kule alikokulia. Kikicheza, funga macho usikilize gumba.